Aliyekula Betri ya Kitaya

Kabla hujaniuliza kama nilikuwa nimelewa, nakujibu: sijawahi kuonja pombe maishani, na siku ile tumboni nilikuwa na chai ya rangi na vipande vitatu vya muhogo wa kuchemsha. Wala haikuwa usiku. Najua watu wakisimuliwa mambo ya namna hii hutaka yawe ya usiku, ili wapate giza la kusingizia. Yangu yalinikuta saa saba mchana, jua la Kitaya likinichoma utosi, mita ya umeme ikiwa mbele ya macho yangu. Kama huwezi kuniamini mimi, basi iamini mita, maana mita haina sababu ya kukuongopea.

Mimi ni fundi wa elektroniki. Nina kibanda Mtwara mjini, kwenye njia ya malori yaendayo bandarini, na kazi yangu ya kila siku ni redio, chaja na runinga zilizopigwa na umeme. Nikwambie na tabia yangu pia, maana bila hiyo hutaelewa nilivyoharibu: mimi ni mtu wa kushuku. Nikiambiwa waya umezimwa, naugusa na testa kwanza. Nikisalimiwa kwa furaha sana, najiuliza huyu anataka nini. Ufundi umenifunza hivyo, na mpaka siku ile niliona ni sifa njema.

Sasa sikiliza. Wakulima wa mpunga wa bonde la Ruvuma waliniomba niwatengenezee vifaa vya kuwaonya mto unapojaa. Nikatengeneza sita, kila kijiji na chake. Ni kisanduku cha plastiki juu ya nguzo ukingoni mwa mto. Ndani mna bodi ndogo yenye chipu, na betri. Chipu inalala. Kila baada ya saa moja inaamka, inapima maji yamefika wapi, inatuma ujumbe kwenye simu yangu, inalala tena. Maji yakipita alama, inatuma ujumbe kwa wakulima wote wenye simu na kupiga king'ora, na watu wanaolala kwenye vibanda vya mashamba yao kule chini wanakimbilia juu. Betri moja ilitakiwa ikae zaidi ya mwaka.

Vijiji vitano betri zilikaa kama nilivyopiga hesabu. Ya Kitaya ilikufa siku ya tisa.

Nikaweka nyingine, ikafa siku ya kumi. Unaelewa maana yake? Betri ikifa, king'ora hakilii, na mvua kubwa zilikuwa karibu. Watu wangelala pale chini wakiamini kuna kitu kinawalinda, kumbe hakuna.

Nikaanza kushuku, kazi ninayoiweza. Kwanza nilishuku mtandao. Pale Kitaya, Msumbiji iko ng'ambo tu ya maji. Ukisimama vibaya, simu yako inakukaribisha nchi ya watu. Nikasema kifaa kinahangaika, mara kinashika mnara wa huku, mara wa kule, na kuhangaika huko ndiko kunakokula umeme. Nikakifunga kishike wa huku tu. Betri ikafa. Nikashuku unyevu, nikaiosha bodi kwa spiriti na kuipaka vanishi. Ikafa. Mwisho nikafanya lile fundi analofanya akichoka kufikiri: nikahamisha. Bodi ya Kitaya nikaipeleka kijiji kingine, ya kule nikaileta Kitaya. Ile mbovu ilipofika kule ikatulia kabisa. Ile nzima ilipofika Kitaya ikaanza kula betri.

Basi ubovu haukuwa kwenye bodi, ulikuwa Kitaya. Na pale Kitaya, ufunguo wa kisanduku alikuwa nao mtu mmoja tu.

Tulimwita Baba Zuhura, kwa jina la binti yake. Mtu wa makamo, mkulima wa mihogo na korosho, mpole, anayeongea huku anatazama chini. Kazi ya kulinda kifaa wenzake waliikwepa, yeye aliiomba, tena aliiomba mara mbili. Hilo nalo nikalishuku. Nani anaomba kufyeka majani juani bure? Nikaweka ndani ya kisanduku kadi ya kumbukumbu, iandike umeme unaotumika kila dakika, na sikumwambia. Baada ya wiki nikaisoma. Usiku kucha, kimya. Asubuhi, kimya. Kila siku kuanzia saa saba mchana mpaka karibu na alasiri, umeme unapanda mara mia.

Saa hizo watu wa bondeni wamerudi kijijini kula na kupumzika, ukingo hauna mtu. Ungekuwa wewe ungefikiri nini? Mimi nilifikiri chaja. Nilimwona kabisa kichwani mwangu, Baba Zuhura amechomeka simu za nusu ya kijiji kwenye betri ile. Nikampigia mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, nikamwambia wazi kwamba mwizi wao ni mlinzi wao. Akasema Ijumaa baada ya swala watamweka kikao. Nikajibu vizuri sana, mimi nitakuja Alhamisi kumkamata na ushahidi mkononi. Nakumbuka nilivyokata simu nikiwa nimefurahi, na furaha ile mpaka leo inanitia aibu.

Alhamisi nilifika bila kumwambia mtu. Nilikuwa na ufunguo wangu. Nikafungua kisanduku, nikaunga mita kwenye waya wa betri, nikaining'iniza nje ili niione, nikajificha kwenye matete hatua kama kumi. Mita ilisoma nane. Usijali nane ya nini. Jua tu kwamba nane ni chipu iliyolala, na mia tisa ni chipu inayomaliza betri.

Adhana ya adhuhuri ikasikika kutoka kijijini, watu wa mwisho wakapanda na majembe yao. Nikangoja. Ilipofika saa saba mita ikaanza kupanda: kumi na tano, sitini, mia mbili. Nikainua kichwa nimwone mwizi wangu. Mtu alikuwa amekaa chini ya kisanduku, mgongo kwenye nguzo, ametulia kama aliyekuwepo tangu asubuhi. Sikumsikia akija. Na hakuwa Baba Zuhura. Alikuwa mdogo kwake, shati la mikono mirefu, suruali imekunjwa, matope mpaka magotini. Nikajisemea: aha, kumbe wako wawili.

Nikatoka mafichoni na hasira zangu, nikamsalimia kavu. Akaitikia bila kugeuka. Nikamwuliza anafanya nini pale.

"Nangoja kiseme," akasema.

Nikatafuta waya wa chaja, hakuna. Nikatafuta simu, hakuna. Mikono yake ilikuwa mitupu juu ya magoti. Na mita inasoma mia tisa. Nikasogeza mkono kwenye bodi nichungulie vizuri, mita ikaruka ikafika elfu moja na mia mbili. Nikaondoa mkono, ikashuka. Nikarudisha, ikaruka. Wallahi nilicheka kwa sauti, kwa sababu nilikuwa nimeukamata ugonjwa.

Ni hivi. Chipu ina miguu mingi ya chuma, na si yote inayotumika. Ule usiotumika lazima uufunge kwa rezista, kidude kidogo kama chenga ya mchele. Ukiuacha hewani, mwili wa mtu ukisogea tu unashtuka, na chipu nzima inaamka kula umeme. Kila fundi analijua hilo. Mimi pia nililijua, lakini nilikuwa na haraka, nikasema moyoni, kule mtoni nani atakwenda kukaa karibu na bodi? Nikaacha miguu miwili hewani kwenye zote sita. Kibandani nilikuwa napima kisanduku kikiwa kimefungwa, nimekaa mbali, ndiyo maana sikuona. Basi hapakuwa na mwizi. Palikuwa na mtu anayependa kupumzikia pale, na uvivu wangu. Nilipomkumbuka Baba Zuhura na kikao cha kesho, uso ukaniwaka.

Nikatoa chuma changu cha gesi cha kuchomelea, nikaanza kufunga ile miguu palepale. Yule mtu akawa ananitazama.

"Kikisema, kinanwambia nani?" akauliza, kwa lafudhi yetu ya kusini.

"Wote wenye simu. Na king'ora kinalia."

"Na aliye mbali, hakisikii, na simu hana?"

"Baba Zuhura atapita kumwambia. Ndiyo kazi yake."

Akasema taratibu, "Atapita?"

Sikupenda alivyolisema neno lile. Nikamgeukia, na kushuku kwangu kukarudi. Tulikuwa pale zaidi ya nusu saa, kwenye jua la kukausha udongo ukiwa bado kiganjani, na matope ya miguuni mwake yalikuwa yanang'aa maji. Nilitazama nyuma yake nione alikopita. Majani yalikuwa yamesimama yote.

Nikajiambia nimalize niondoke. Nilipofunga mguu wa pili mita ilisoma nane hata na mikono yangu ikiwa humohumo ndani. Nikaweka kiganja juu ya chipu kabisa: nane. Nikapumua. Halafu, sijui nini kilinituma, labda ile tabia yangu ya kujaribu kitu mara mbili, nikamwambia, "Hebu na wewe sogeza mkono, tuone."

Akainua mkono. Hakuufikisha hata karibu, ulibaki kama shubiri mbili kutoka kwenye bodi. Mia tisa. Elfu moja. Elfu mbili. Mita ikafika mwisho wa namba zake ikabaki kupepesa.

"Bado," akasema.

Wewe usiye fundi huenda hujaona kilichotokea, ngoja nikwambie. Mguu uliofungwa hausikii mkono wa mtu. Hausikii wangu, hausikii wako, hausikii wa mtu yeyote anayepumua. Mimi niliyeufunga nilijua hivyo, na mwili wangu ulijua kabla yangu, kwa sababu vinyweleo vya mikononi vilikuwa vimesimama vyote.

Akanyanyuka, akashuka kuelekea majini, upande ambao hakuna njia, pana mamba tu. Sikuthubutu kumtazama, nikaikazia macho mita. Elfu moja. Mia sita. Mia mbili. Thelathini. Nane. Sikusikia tete likivunjika wala maji yakigawanyika. Nikaanza kukusanya vitu vyangu, nasoma kila aya niliyofundishwa madrasa na nusu yake nimeisahau. Ndipo mita ikaanza kupanda tena yenyewe. Thelathini. Mia mbili. Mia sita. Na ukingo ule, kushoto na kulia, haukuwa na mtu ninayemwona. Niamini, niliacha mita, mkoba, chuma cha gesi, na kiatu kimoja.

Nilimkuta Baba Zuhura kibarazani kwake, anakula ugali wa muhogo na kisamvu. Alinitazama miguuni, akaona mguu mmoja pekupeku. Akaosha mikono polepole. Mkewe, Mama Zuhura, alitaka kuniletea maji ya kunywa, akamwambia aende kwanza kisimani. Alipotoka tu akasema, "Fundi, umenkuta."

Ni mdogo wake, tumbo moja. Salumu. Mwaka wa mafuriko, Baba Zuhura alipigiwa simu na jamaa wa huko juu kwamba mto unakuja, awaambie watu wa bondeni. Akashuka mbio, akapita kibanda kwa kibanda. Lakini yeye na Salumu walikuwa hawasemeshani, wamegombania mpaka wa mikorosho ya baba yao.

"Watu wote nliwaambia," alisema. "Wote. Shamba la Salumu nlilipita kwa mbali. Nkasema moyoni, atayaona mwenyewe." Akajifuta uso kwa kiganja. "Hatukumpata hata wa kumzika. Tukamsalia hivyohivyo, bila mwili. Fundi, mie sikuomba kulinda kifaa chako. Nliomba kuwa karibu naye."

Machozi yalinitoka, sitaficha. Nikamwambia nampigia mwenyekiti sasa hivi, namwambia hukuiba, na kesho nasimama mbele ya watu. Akanishika mkono ulioshika simu.

"Utawaambia nini? Umeme anakula nani?"

Nikaiweka simu chini.

"Wakijua pale kuna ntu," akasema, "nguzo wataing'oa kabla jua halijazama. Watamleta nganga, watamwaga dawa, na kifaa chako kitatupwa ntoni. Mvua zikija, watu wale chini nani atawaambia? Acha niitwe mwizi. Betri niletee, nitabadilisha mwenyewe."

Nilibishana naye mpaka Mama Zuhura aliporudi na ndoo. Mbele ya mkewe hatukuligusa tena jambo lile.

Ijumaa kikao kilikaa nje ya msikiti. Mwenyekiti akaniuliza mbele ya watu, "Fundi, una uhakika na ulichosema?" Baba Zuhura alininyanyulia macho mara moja, akayashusha. Nikasema, "Ninachojua, umeme ulikuwa unaondoka mchana." Si uongo, eti? Hata neno moja la uongo halimo. Wakamnyang'anya ufunguo wakampa mlinzi mwingine. Yeye hakujitetea, akasema tu, "Nimesikia." Baadaye, kwa siri, nikampa ufunguo wangu.

Kuanzia hapo kila baada ya siku nane nilituma betri iliyojaa kwa basi, imefungwa gazeti, na kuletewa iliyokufa. Alfajiri ya kila siku ya tisa alikwenda kubadilisha kabla mlinzi mpya hajaamka. Kijijini watoto wakamtungia jina, wakamwita Baba Betri. Posa ya Zuhura ilirudishwa. Upande wa kijana walisema hawaoi kwenye nyumba ya mwizi wa mali ya kijiji. Nilipopita kutoa pole, Mama Zuhura alinifungia mlango. Sikumlaumu, alikuwa na haki yake yote.

Mvua zilipokuja zilikuja kweli. Siku moja asubuhi king'ora cha Kitaya kililia, na watu wakapanda juu na watoto na magodoro, hakupotea hata mmoja. Mlinzi mpya ndiye aliyenisimulia, tena huku anacheka. Alisema yule mwizi wenu amepata na wazimu: king'ora kilipolia tu, alishuka bondeni peke yake, akaanzia kwenye shamba la marehemu mdogo wake, ambalo lina magugu matupu. Akasimama katikati, maji yanamfikia mapajani, anaita: "Salumu! Maji yanakuja! Toka, ndugu yangu, twende!" Aliita mpaka sauti ikakauka. Vijana wawili ndio waliokwenda kumvuta.

Mlinzi yule alishangaa kwa nini mimi sicheki.

Maji yaliposhuka nilikwenda Kitaya kuweka betri mpya. Siku ya tisa ikapita. Ya kumi ikapita. Mwezi ukaisha. Nikarudi na mita, nikakaa ukingoni tangu adhuhuri mpaka alasiri, nimeshika tasbihi. Mita ilisoma nane muda wote. Betri ile niliyoweka siku ile ndiyo iliyopo mpaka leo, na mvua nyingine zimeshapita. Nilimpigia Baba Zuhura nikamwambia, betri inakaa sasa. Akasema, "Alhamdulillahi. Basi amesikia."

Na mimi sijapona. Siwezi kupima bodi nikiwa peke yangu kibandani. Namwita jirani muuza vocha aje akae. Nikiona namba inapanda nisipojua sababu, naifunika mita kwa kitambaa natoka nje. Lakini hiyo si sehemu inayoniumiza. Inayoniumiza ni kwamba Baba Zuhura bado anaitwa mwizi, na Zuhura bado yuko nyumbani. Alinikataza kusema, na leo nimemvunjia ahadi, kwa sababu pale nguzoni hakuna tena anayekaa, na hamna tena sababu ya kuing'oa nguzo.

Wewe uliyenisikiliza, sikuombi uamini mizimu. Nakuonya jambo moja tu. Siku utakapopima kitu, chochote kile, ukakuta kimepungua, mita itakuonyesha kimepungua kiasi gani na saa ngapi. Haitakuonyesha nani. Usije ukajaza jina la mtu pale kwa sababu tu hupendi anavyotazama chini.

Na kama kwenu ni Kitaya, ukifika nyumbani mwambie Mama Zuhura, na upande wa yule kijana waambie, na watoto wanaoimba njiani uwaambie pia: Baba Zuhura hakuiba. Fundi mwenyewe amesema.